Jinsi ya Kulifupisha Joka: Mwongozo kwa Wakata Filamu wa Munigi

Filamu tatu za The Hobbit, alizoongoza Peter Jackson na zilizotoka 2012, 2013 na 2014, zina jumla ya dakika 474. Ni saa nane kasoro dakika sita. Katika muda huo mtu wa Munigi anashuka soko la Virunga mjini Goma na mzigo wake juu ya chukudu ya mbao, anauza, anapanda tena, anapika maharage mpaka yaive, na akirudi kwenye benchi la sine, ukumbi wetu wa video, anakuta mbilikimo Thorin na wenzake bado wanatafuta mlango wa mlima wao. Hapo ndipo mkasi unapohitajika, na mkasi wenyewe ni wewe.

Usiogope kwamba unamkosea mtu heshima. J.R.R. Tolkien alitoa kitabu hicho 1937, kitabu kimoja tu, cha watoto. Mpango wa kwanza wa sinema ulikuwa filamu mbili. Ya tatu ilitangazwa Julai 2012, miezi michache kabla ya ile ya kwanza kuonyeshwa. Waliorefusha walikuwa na mamilioni ya dola. Wewe una kompyuta ya kushirikiana na ndugu zako, kadi ya memori na umeme wa kubahatisha. Hekima ya kukata iko upande wako, kwa sababu kila dakika unayoiacha unailipia mwenyewe kwa betri.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, jua unatoka ukoo gani. Ughaibuni watasema kazi hii ilianza mwaka 2000 au 2001, pale Mike J. Nichols alipoikata upya filamu ya Star Wars ya 1999 na kuipunguza kama dakika ishirini. Watakutajia pia The Tolkien Edit ya Januari 2015, iliyozifanya The Hobbit zote tatu kuwa filamu moja ya zaidi kidogo ya saa nne. Tena watakutajia mwigizaji Topher Grace, ambaye alipochoka na sura ya David Duke aliyoigiza katika BlacKkKlansman ya 2018, alijifungia nyumbani akazikata zikawa saa mbili, ili kupumzisha kichwa. Hao wote ni wenzetu na nawapenda. Lakini huku kwetu filamu ya mgeni ilikuwa ikifanywa upya zamani. Dar es Salaam kulikuwa na Derek Gaspar Mukandala, Lufufu, aliyewasimulia watu filamu za ng'ambo kwa Kiswahili. Kampala yuko VJ Jingo. Kenya yuko DJ Afro, ambaye sauti yake imefika mpaka kwenye simu za Goma. Na ng'ambo ya mpaka tu, Gisenyi, watu wamekua na agasobanuye, yaani filamu zenye msimulizi, za Rocky, Yanga na Junior Giti. Mafundi hawa wanaongeza, wanapunguza, wanambadilisha mtu jina, wanamkemea muuaji na kumwonya akta ageuke nyuma. Mkata filamu wa Munigi ni mjukuu wao, hata kama hajawahi kushika maikrofoni.

Sasa kazi. Onyesha filamu zote tatu, nzima, bila kukata chochote, kwa mtoto wa miaka kumi hivi. Gawa siku tatu ili asikose shule. Kisha subiri mpaka kesho yake asubuhi, umfuate kwenye robine anapopanga foleni na bidoni, umsikilize anavyomsimulia mkubwa wake ambaye hakuziona. Usimuulize wewe, atapamba. Mwache aseme kwa hiari yake. Utasikia kitu kama hiki:

"Yaya, ile mutu mufupi, kwanza balitegana vitendawili na kale kamutu ka macho makubwa, akabeba pete yake. Kisha akaingia mu mulima, anatafuta jiwe. Njoka kubwa inalala chini ya zahabu. Ikaamuka, bakasema-sema, ikakasirika, ikaenda kuchoma muji. Papa moja upinde yake ilivunjika, akaweka mushale ku bega ya mutoto wake, akapiga. Njoka ikakufa. Batu bakakosa nyumba. Bakaenda kuomba zahabu yenye balibaahidia, mufalme akabakatalia."

Andika kila neno. Huo ndio mpango wako wa kukata, na hakuna chuo cha filamu kitakachokupa bora zaidi. Alichokikumbuka kinabaki. Alichokisahau hakikuwahi kuingia ndani yake, kwa hiyo kitoke bila kikao. Tazama waliotoweka: mchawi Radagast na sungura wake, hayupo. Mchawi Gandalf kwenye ngome ya Dol Guldur, hayupo. Tauriel, na Kili, na Legolas, na mapenzi yao ya pembe tatu, hata harufu. Alfrid, yule mchekeshaji wa filamu ya tatu, hayupo kabisa, na hapo mtoto ameonyesha hekima kuliko studio.

Angalia pia jambo ambalo litawaumiza wenye kitabu mkononi. Kuna wakataji wengi wanaotumia kitabu kama rula: kisichomo kwa Tolkien, nje. Kwa rula hiyo, mshale uliowekwa begani kwa mtoto ungetoka, maana katika kitabu Bard, baba huyo, anatumia upinde wake wa kawaida, akiwa ameelekezwa na ndege. Bega la mtoto ni la Jackson. Lakini mtoto wa kwenye robine amelishika, na amelishika kwa sababu ni zuri: baba anamwambia mwanawe asigeuke, na mtoto hageuki. Libaki. Kitabu ni kitabu, kina wasomaji wake. Filamu ya Munigi inapimwa na benchi la Munigi.

Baada ya hapo amua nani ni akta, yaani shujaa, na nani ni shefu-bandi, yaani mkuu wa maadui. Kila anayekaa sine anajua kwamba filamu ina akta mmoja na shefu-bandi mmoja, na hawa wawili lazima wakutane. The Hobbit imewekewa mashefu-bandi wawili, joka Smaug na yule Azog mweupe mwenye mkono wa chuma. Katika kitabu Azog alikwisha kufa miaka mingi kabla hadithi haijaanza. Hapo kitabu na mtoto wanakubaliana, na wakikubaliana hao usibishane nao. Azog abaki pale tu ambapo kumtoa kunaacha shimo, yaani vitani mwishoni, maana Thorin lazima auawe na mtu.

Pango la vitendawili usiliguse, hata fremu moja. Bilbo, yule mtu mfupi, amepotea gizani, Gollum, yule wa macho makubwa, ana njaa, na badala ya kupigana wanakaa kutegana. Watazamaji wa Los Angeles wanaliona kuwa tukio zuri tu. Kwa watoto waliolelewa na bibi anayesema "Kitendawili!" wakajibu "Tega!", hicho ni kikao wanachokijua, na kanuni zake wanazijua. Watapiga kelele za majibu. Watakosa, watagombana. Na Bilbo anapouliza swali lisilo kitendawili hata kidogo, lile la kilichomo mfukoni mwake, benchi zima litasimama kumhukumu: je, ni haki? Hapo acha nafasi. Kama wewe ndiye unayesimulia, nyamaza sekunde kumi. Kama unakata tu, usiweke muziki. Ukumbi ukikataa kwamba Bilbo ameshinda kihalali, filamu yako imekwisha kufaulu ukiwa bado na saa moja na nusu mbele.

Joka nalo lina ugonjwa wake. Filamu ya pili inakwisha likiruka kwenda kuchoma mji wa ziwani. Watu waliolipa tiketi mwaka 2013 walisubiri mwaka mzima, wakarudi, na joka likafa ndani ya robo saa ya kwanza. Unganisha. Lakini kabla ya kuunganisha utakutana na ule ujenzi wa tanuri na sanamu ya dhahabu iliyoyeyushwa, dakika nyingi za mbio zisizoacha alama kwa mtu. Zikate, ila uwe macho: joka linatoka mlimani likiwa limepakwa dhahabu mwili mzima na kujikung'uta hewani. Ukikata tanuri ukaacha picha hizo, mtu wa benchi la nyuma atauliza dhahabu hiyo imetoka wapi, na atakuwa na haki. Toa picha zote zenye dhahabu ubavuni, kisha ruka kutoka kwenye hasira ya joka ndani ya mlima moja kwa moja hadi kwenye mabawa yake juu ya maji.

Kuhusu moto wenyewe, nitasema kwa uzito wote. Munigi iko chini ya Nyiragongo. Mnamo Januari 17, 2002 mlima ulipasuka kwenye mteremko huu na lava ikapita katikati ya Goma. Mnamo Mei 22, 2021 ilishuka tena usiku, ikameza nyumba upande wa Kibati na Buhene, na siku chache baadaye umati ukaondoka mjini kuelekea Sake na magodoro kichwani. Kwenye benchi lako kuna watu waliotazama anga likiwa jekundu wakiwa na mtoto mgongoni. Hawahitaji dakika kumi za mji unaoungua ili waelewe. Fupisha miali. Refusha watu: mama anayetafuta mashua, wanaoitana majina, asubuhi ufukweni na vitu vichache vilivyookolewa.

Na hapa mkato wa Munigi unaachana na mikato mingi ya ughaibuni. Wakataji wa kule wakifika kwenye filamu ya tatu wanalalamika kuhusu vita, wanaikata vita, na pamoja nayo wanaondoka na nusu ya watu wa ziwani, kwa kuwaona ni wapitaji njia. Sisi tufanye kinyume. Watu hawa wamepoteza nyumba, wanakwenda kulala kwenye magofu ya mji wa Dale, na kesho yake Bard anasimama kwenye lango la mlima kudai kilichoahidiwa, ili wajenge upya. Thorin anamjibu kupitia tundu la ukuta, akiwa amekalia dhahabu ya kuwatosha wote. Tangu 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa hapa, mpaka kambi za waliohamishwa na vita za miaka ya karibuni, Munigi imejua wanaofika bila nyumba na imejua ahadi zinazotolewa kupitia tundu la ukuta. Hiyo ndiyo filamu. Mazungumzo ya langoni yaache yote, na majeshi yakianza kupangwa ndipo uharakishe. Alfrid, anayeugeuza msiba huo kuwa kichekesho, usimwachie hata kivuli.

Sauti ndiyo itakayokusaliti. Jicho linasamehe mruko wa picha, ila sikio halisamehe muziki uliokatwa katikati. Kama nakala yako ina sauti ya njia sita, una bahati: maneno ya waigizaji kwa kawaida yako kwenye njia ya katikati, kwa hiyo unaweza kuyaacha na kubadilisha muziki ulio pembeni. Programu za bure kama Kdenlive na Shotcut zinatosha kwa kazi hiyo. Nakala nyingi zinazopita mikononi mwetu, zenye Kifaransa ambamo Bilbo anaitwa Bilbon Sacquet, zina njia mbili tu na kila kitu kimechanganywa. Basi anza sauti ya tukio linalofuata sekunde moja kabla ya picha yake. Isipotosha, tumia dawa ya wazee: sauti ya msimulizi. Pale muziki unapokatika, ndipo msimulizi anapoingia na jina la mahali au onyo kwa akta. Lufufu na VJ Jingo wangekuelewa bila maelezo. Ukijua mvua ya alasiri itapiga mabati, rekodi sauti ya msimulizi kwa nguvu kuliko unavyodhani inafaa.

Usiuze. Filamu si yako, kazi ya kukata ndiyo yako. Adabu ya wakataji duniani kote ni kwamba atazamaye awe na nakala halali na aliyekata asitoze. Weka jina la Tolkien na la Jackson mwanzoni, lako mwishoni, dogo.

Lenga saa mbili na nusu. Ukimaliza, rudisha filamu kwa mtoto yuleyule na rafiki zake wawili ambao hawakuona ile ndefu. Kaa nyuma, tazama vichwa na si pazia: kichwa kinachogeuka kumtafuta jirani ni dakika ya kupunguza. Na mmoja wao akiuliza yuko wapi yule mwenye nywele ndefu aliyekimbia juu ya mawe ya daraja linaloporomoka, akauliza tena kesho yake, fungua kompyuta umrudishe Legolas sekunde arobaini, pale pale kwenye daraja, bila Tauriel.