Barua ya Wazi kwa Mtukufu RET wa Kromosomu ya 10

Kwako Mtukufu, Mwinyi, Jeni RET, uliyebadilika herufi moja tu ukatutawala ukoo mzima: shikamoo. Desturi ni kuandika kwamba hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Wewe umo katika kila seli yangu, basi hofu nabaki nayo mwenyewe.

Ama baada ya salamu, nakushukuru kwa uvumilivu wako. Shingo ya marehemu mama ilipovimba, majirani walisema ni rovu, nasi tukamtilia chumvi yenye madini joto kila chakula. Ulitutazama bila kutusumbua kwa neno. Kumbe saratani yako huanzia kwenye seli C za tezi ya thairoidi, zile zinazotengeneza kalsitonini, na seli hizo hazifyonzi madini joto. Hata yale yenye mionzi, yanayowafaa wengi wenye saratani nyingine za tezi hiyo, kwako hayafui dafu. Ahsante pia kwamba hukuridhika na shingo: ulimwotesha uvimbe kwenye tezi zilizo juu ya figo, moyo ukamwenda mbio, sisi tukadhani ni mawazo.

Nakushukuru zaidi kwa uadilifu wako katika mirathi. Huulizi mume wala mke, kifungua mimba wala kitinda mimba. Kila mtoto wa mwenye nakala yako ana uwezekano wa nusu kwa nusu kukurithi, na aliyekukosa hana cha kumpitishia mwanawe. Wataalamu walikufichua mwaka 1993, na tangu hapo kipimo cha damu humtambua mrithi kabla hajaugua. Badiliko likiwa kwenye nafasi ya 634, kama letu, madaktari hushauri tezi itolewe mtoto akiwa na miaka 5 au chini yake, kisha ameze levothiroksini kila siku maisha yake yote. Dada yangu alipimwa uvimbe ukiwa umeshasambaa. Binti yake ana miaka 4.

Najua hutajibu, Mtukufu, na sikulaumu. Shughuli zako ni nyingi. Lakini majibu ya damu ya mtoto yako njiani, kwa hiyo nathubutu kuomba. Tafadhali fika mbele ya kadhi, na mashahidi wawili waadilifu, ukiri kwamba mtoto huyu hayumo katika warithi wako. Fungu lake niongezee mimi juu ya langu. Nauli nitakulipia, ya kwenda tu.

Wako mtiifu,
Mjomba wa mtoto