Sheli ya Skripti Inayohamahama

Mstari wa kwanza wa skripti hutaja sheli, yaani programu itakayosoma amri zake. Ukiandikwa #!/bin/sh, hautaji programu moja maalumu, ila jina ambalo kila mfumo huivika sheli yake. Mwaka 1979, katika toleo la 7 la Unix, lilikuwa la sheli ya Stephen Bourne. Linux nyingi baadaye zikampa jina hilo Bash, iliyotoka 1989 na yenye madoido mengi. Mwaka 2006 Ubuntu ikalihamishia kwa Dash, nyepesi na isiyojua madoido hayo.

Vituko huanzia hapo. Katika duka la kuchapa na kutoa kopi Bugembe, kando ya barabara ya Jinja kwenda Iganga, kompyuta ni ya mtumba na ina Ubuntu. Kijana wa duka ameandika skripti ya kunakili kazi za wateja kwenye flashi kila jioni, kabla umeme haujakatika. Juu kaweka #!/bin/sh, chini, if [[ -d "$FLASHI" ]], yaani swali la kama flashi ipo. Akiijaribu kwa bash nakala.sh, mambo shwari. Jioni kroni, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, ikiiendesha, Dash haiijui [[. Hulalamika "[[: not found" mahali ambapo hapasomwi na mtu, huhesabu jibu kuwa hapana, kisha huandika kwa utulivu kabisa: "Flashi haipo." Flashi ipo. Itachomolewa, itapulizwa, itapanguswa kwa shati, itahamishiwa tundu jingine, na mwishowe atashukiwa mtoto aliyekuja kucheza gemu.

Anayetaka madoido ya Bash aitaje waziwazi: #!/usr/bin/env bash, maana kwenye mfumo wa FreeBSD Bash haikai /bin. Hata hivyo Bash inayokuja na Mac imekwama toleo la 3.2. Naye atakayeandika sh nakala.sh ataufanya mstari huo wa kwanza kuwa pambo tu, kwani sheli imekwisha kuchaguliwa.

Skripti itakayofika hadi kwenye ruta ya OpenWrt, ambayo huja na ash ya BusyBox bila Bash, ni heri ifuate sh ya POSIX, yaani kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, hata kama ni kavu: [ badala ya [[, = badala ya ==, nukta badala ya source, printf badala ya echo -e, na safu ziachwe kabisa. ShellCheck, programu ya kukagua skripti, hutambua mengi ya makosa haya, mradi mstari wa kwanza useme kweli. Jaribio la mwisho hufanywa kwa dash nakala.sh, flashi ikiwa imechomekwa, kisha ikiwa imechomolewa.