Barua ya Wazi kwa Kamati ya Kubana Simu

Mapokezi,
Songea.

YAH: PONGEZI KWA SIMU ISIYOPIGA

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tangu kamati yako imwite fundi aweke kanuni za simu zinazotoka, gharama zimeshuka. Nakiri. Hata gharama za chakula hushuka ukiacha kula.

Kanuni mnayoipenda zaidi huruhusu namba za mezani za 025 tu, na kuzuia kila kinachoanza na 06 au 07. Kikaoni ilipendeza: 025 ni yetu Ruvuma, tukichangia na jirani zetu wa Mbeya na Rukwa. Ila mkulima wa Namtumbo simu yake iko mfukoni mwa shati, nayo inaanza na 07. Basi humpigia kwa bando langu, na likiisha humbipu. Mzee mmoja wa Tunduru alipiga baada ya kubipiwa, akauliza kwa upole, "Mwanangu, ofisi nzima imeishiwa vocha?" Bi mkubwa wa Mbamba Bay yeye alipanda basi hadi hapa kuuliza kama karatasi zake ziko tayari. Hazikuwa tayari.

Kisha mkaongeza msamaha kwa simu ya Mwenyekiti. Fundi alitaka kuwaeleza jambo, mkamwambia afuate muhtasari wa kikao. Mtambo huu wa simu, Ndugu, hausomi kama msomaji wa gazeti anayerukia michezo. Huanza mstari wa juu, hulinganisha tarakimu na kanuni moja moja, na ya kwanza kulingana ndiyo inayoamua. Za chini hazifikiwi. Zuio la 07 liko mstari wa pili. Msamaha wako uko wa kumi na nne, kwa kuwa kanuni zilipangwa kwa tarehe za vikao. Ndiyo maana juzi ulikuja kuazima simu yangu.

Nasikia sasa mnataka 071 ipite laini hii na 074 ile, ili tupate nafuu ya mtandao kwa mtandao. Tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao na namba yake, hivyo tarakimu za mwanzo hazisemi tena yuko mtandao upi. Tuliache hilo.

Linaloninyima usingizi ni 112. Kwa Watanzania wote ni polisi. Kwetu ni masjala. Ukiibonyeza, mzee wa masjala hupokea kwa heshima zote: "Faili namba ngapi?" 115, ya gari la wagonjwa, ni meza yako. 114, ya zimamoto, ni stoo, na mtunza stoo alihamishwa. Wiki iliyopita waya ulitoa moshi chumba cha fotokopi. Nikabonyeza 114, stoo ikaita weee. Nikatanguliza 9 nipate laini ya nje. Mtambo ukadai namba ya siri, nikaipa, ukanikatia: 114 si 025. Moshi ulizimwa na mlinzi kwa ndoo ya mchanga, ambayo haikuhitaji kibali.

Naomba namba hizo tatu za dharura zikae mstari wa kwanza, zipite bila 9 wala namba ya siri, hata kwenye simu ya getini, na namba za ndani zianzie 200. Fundi anasema ni kazi ya nusu saa. Nimeshampigia, kwa bando langu.

Nawasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpokea Simu

Nakala: Masjala, simu 112.