Mapepo ya Sabufa

Picha la mapigano ndilo dawa yangu ya usingizi. Niwekee Commando la mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger kajipaka masizi usoni na kujivika silaha za kikosi kizima peke yake, na kabla hajaifikia ngome ya maadui mimi nakoroma. Wenzangu hunishangaa. Majengo yanalipuka, watu wanarushwa juu, nami nimelala mdomo wazi. Lakini cha kuogopa pale ni kipi? Tangu dakika ya kwanza kila mtu anajua steringi hafi. Jeshi zima linammiminia risasi na hakuna hata moja inayompata. Yeye anafyatua bila kulenga, wanaanguka watatu watatu. Hiyo si vita, ni ratiba.

Sheria ya steringi nilifundishwa kibanda umiza, kwenye mabenchi ya mbao yaliyotupa jina la mahali penyewe, na iliheshimiwa kuliko sheria zote za shule. Ndiyo maana Sholay, picha la Kihindi la mwaka 1975, lilileta ugomvi kila lilipowekwa. Mle ndani Amitabh Bachchan anakufa. Wakubwa wa benchi la mbele walishikilia kwamba maadamu amekufa, basi hakuwa steringi. Steringi ni Dharmendra, aliyebaki hai akamkomesha jambazi Gabbar. Upande wa pili wakauliza: mtu mwenye urefu ule na sauti ile atakuwaje msindikizaji? Kesi hiyo haijahukumiwa hadi leo. Mimi niko na Amitabh, na mwenye kutaka tubishane aje na soda.

Msidhani huo ni ushamba wetu. First Blood, picha la 1982 lililomleta Rambo duniani, limetoka kwenye riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, na kwenye riwaya Rambo anakufa. Watengenezaji walirekodi kabisa mwisho ambao anakufa, wakawaonjesha watazamaji wa majaribio, watazamaji wakanuna. Mwisho ule ukatupwa, Rambo akaishi. Kumbe Marekani nako wanaijua sheria. Na picha lenyewe, pamoja na sifa zote za ukatili, linamuua waziwazi mtu mmoja tu, askari anayedondoka kutoka kwenye helikopta. Mmoja! Sisi tukicheza Rambo uwanjani tulikuwa tunauana zaidi ya hapo kabla ya chai.

Kwenye picha za maajabu usingizi sipati, napata hasira. Sina ubaya na uchawi. Ninachotaka ni uchawi wenye kanuni. Nagina la mwaka 1986 nililipokea bila swali: Sridevi ni nyoka aliyejigeuza mke wa mtu, sawa, mambo ya watu hayo. Lakini Amrish Puri akija na zumari lake, nyoka anashikwa na mdundo na siri inakuwa mashakani. Kuna mpaka. Hata jini wa kwetu wa pwani, pamoja na uzuri wote na manukato yote, ukitazama chini unakuta kwato. Hapo mtu unajua pa kuanzia kukimbia.

Sasa linganisha na Avengers: Infinity War la mwaka 2018. Jitu linapiga kidole, nusu ya viumbe wote wanageuka vumbi. Binti wa dada yangu alilia kwa kwikwi Black Panther alipopeperuka. Nikamwambia, "Nyamaza mama, huyu picha lake limetoka mwaka huu huu na limeingiza zaidi ya dola bilioni moja. Mtu wa hivyo hageuki vumbi." Akaniona sina utu. Mwaka uliofuata wakarudi wote, wamevaa vizuri, na mimi sikuombwa radhi.

Afadhali Who Killed Captain Alex? la majirani zetu Waganda, la mwaka 2010, alilotengeneza Nabwana I.G.G. kule Wakaliga, Kampala, kwa pesa ambayo Hollywood haitoshi kununulia maandazi ya wapiga picha. Helikopta ya kompyuta inateketeza mji, kungfu inapigwa kwenye matope, na swali lililoandikwa kwenye jina halijibiwi mpaka mwisho. Nani kamuua Kapteni Alex? Hatuambiwi, na hatudai. Tuko na VJ Emmie, anayeongea juu ya picha mwanzo mwisho, anatusifia watu, anatutangazia risasi kabla hazijatoka.

Na hapo ndipo penye hoja yangu yote kuhusu picha za kutisha. Sisi tuliokulia kwenye vibanda tulikuwa na mkinga hofu. Dar es Salaam alivuma Lufufu kwa kutafsiri mikanda, Kenya wana DJ Afro, na kibanda chetu kilikuwa na wa kwake, ambaye sijui Kiingereza alikipata wapi wala kama alikipata. Kazi ya mtu huyo ilikuwa kushusha sauti ya picha na kupandisha ya kwake. Mwanamke anapita kwenye ukumbi wenye giza, na pale ambapo Mzungu ameweka vinanda vya kukukausha mate, yeye anasema: "Dada huyu hamsikii mwenzake nyuma ya mlango. Mwenzake ana shoka. Subirini." Tunasubiri. Shoka linatoka. Tunacheka.

Maana hofu ya sinema haiko machoni, iko masikioni. Chukua Psycho la mwaka 1960. Alfred Hitchcock mwenyewe alitaka mauaji ya bafuni yapite bila muziki. Bernard Herrmann akamtungia tu zile fidla zinazopiga kelele, mzee akasikiliza, akasalimu amri. Zima sauti leo ulitazame: ni mtu anaoga, na damu inayotiririka ni rojo ya chokoleti. Washa sauti, utaoga mlango wazi wiki nzima.

Nadharia hii niliithibitisha pasipo kutaka nilipohamia Magomeni na kununua sabufa. Nyumba yenyewe haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya bati, kiasi kwamba mpangaji wa chumba cha mwisho akipiga chafya wa chumba cha kwanza anamwambia afya. Ndani ya nyumba hiyo, usiku wa manane, nikaweka The Exorcist la mwaka 1973. Utotoni nililiona kibandani na kucheka mpaka machozi. Safari hii mtafsiri hakuwepo. Sauti ya shetani aliyempagaa mtoto mle imetolewa na Mercedes McCambridge, mama aliyevuta sigara na kumeza mayai mabichi ili koo likwaruze ipasavyo, na katika tuzo mbili za Oscar ilizopata filamu hiyo moja ilikuwa ya sauti. Walistahili. Sabufa ilimchukua mama yule ikampitisha juu ya kuta, chumba hadi chumba.

Nilishtuka, rimoti ikaponyoka ikaingia uvunguni. Sasa niambie wewe, nani anatia mkono uvunguni saa ile?

Mlango ukagongwa. Sikufungua, nilikuwa na sababu zangu. Nikasikia mama mwenye nyumba akisema, "Mwanangu, uko peke yako?" Nikataka kujibu, sabufa ikanitangulia kwa ngurumo na matusi. Kimya. Kisha nikamsikia mzee wa chumba cha mbele ameanza Ayatul Kursi, kwa sauti ya juu, na jirani yangu Mlokole naye akakemea kwa jina la Yesu kupitia juu ya ukuta. Ndani, kwenye kioo, mapadri wawili wanasoma sala zao. Nadhani hakuna pepo aliyewahi kushambuliwa na madhehebu mengi namna ile kwa mara moja. Nilipofungua mlango hatimaye, nimejifunga shuka, jasho linanitoka, mpangaji mwenzetu fundi baiskeli alikuwa ameshika mchi wa kinu na alikuwa na nia ya kuutumia.

Maelezo hayakutosha, walitaka kuona. Jumamosi tukaitoa runinga uani, wapangaji wote na wa nyumba ya jirani wakaketi kwenye mikeka na ndoo. Mama mwenye nyumba akachukua kiti cha mbele, na kwa kuwa hakuna aliyeelewa Kiingereza kile vizuri, akaanza kutusimulia. Mama wa mtoto ana makosa, yuko bize na kazi. Daktari ni wa bure. Padri kijana hajalala siku nyingi, anahitaji uji. Watoto wakacheka, shetani akabaki anapayuka peke yake.

Ikafika ile sehemu ambapo chumba kinakuwa baridi hata mapadri wanatoa mvuke mdomoni. Nikajitia ujuzi, nikawaambia baridi ile ni ya kweli, kwamba chumba kile cha kurekodia kilipozwa kwa viyoyozi mpaka kikawa jokofu.

"Si nilisema?" akadakia mama mwenye nyumba, akiwageukia wapangaji wake wasio na hata feni. "Mtoto mdogo mnamfungulia AC usiku kucha, halafu mnamwita padri!"