Heko kwa Windows ya Fundi

Barabara ya Morogoro imesifiwa vya kutosha tangu ipanuliwe kuwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe nayo ina washairi na watalii wake. Zamu hii nampa asiyewahi kupewa hata cheti cha ushiriki, ingawa nusu ya barua za kuomba kazi za Mkoa wa Pwani zimepita mikononi mwake: Windows ya fundi.

Unaijua. Si ile ya Microsoft yenyewe, bali ile iliyochukuliwa na mtu asiye na jina, akaipunguza hapa, akaichomekea pale, akaiachia mitandaoni, ikateremka mpaka kwenye flashi inayoning'inia pamoja na ufunguo wa pikipiki ya fundi wetu wa Maili Moja, Kibaha. Ukiiwasha inakukaribisha na picha ya gari jekundu ambalo hakuna mtu Mlandizi amewahi kuliona. Mwenye kompyuta, kwa mujibu wa kompyuta yenyewe, ni bwana mmoja wa nchi ya mbali ambaye hajui kama anamiliki mali Kisarawe.

Sifa yake ya kwanza ni ustaarabu. Windows ya dukani ina umbea: inataka kujua uko nchi gani, barua pepe yako ni ipi, nenosiri lako lina herufi ngapi, ikuruhusu au isikuruhusu. Ya fundi haina maswali hayo, maana yalishajibiwa na yule bwana wa mbali kwa niaba yetu sote. Yanabaki matatu tu, na anayeuliza ni fundi mwenyewe. "Mama, nikupigie 7 au 10?" Kisha: "Na Ofisi nikuwekee?" Na la mwisho: "Kulikuwa na vitu vyako humu?" Hili la tatu kwa kawaida huulizwa kazi ikiwa imefika asilimia arobaini.

Nenosiri hakuna, na hapo ndipo penye usawa ambao vyama vya siasa vimeutafuta bila kuupata. Kila anayekaa kwenye kiti ni msimamizi mkuu wa mfumo. Kijana aliyeingia kutoa kopi ya kitambulisho ana mamlaka yaleyale ya mwenye duka: anaweza kuondoa programu, kuweka nyingine, kufuta mtambo mzima akipenda. Hafanyi hivyo, kwa sababu ana haraka na daladala. Ulinzi wetu umesimama juu ya nguzo hiyo.

Ila heshima ya juu kabisa naiweka kwa kile kijiprogramu cha kuhalalisha, ambacho mafundi hukiita kraki. Kwanza kinakuja kimefungwa ndani ya faili lenye nenosiri, mara nyingi 123, ili kinga ya virusi isiweze kuchungulia ndani. Halafu kinatoa sharti: zima Defender, kinga iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Ni utaratibu wa seremala anayekuomba umfunge mbwa kwanza ndipo aingie kupima mlango. Ukimsahau mbwa, Defender atabweka kwa jina kamili, HackTool:Win32/AutoKMS, na fundi atakueleza kwa upole kwamba huo ni wivu wa Microsoft.

Ufundi wake ni wa kuvutia. Kampuni kubwa zenye kompyuta mamia huwa na seva moja ya ndani inayothibitisha leseni, na uthibitisho wa kila mashine hudumu siku 180 usipohuishwa. Kraki inajifanya ndiyo seva hiyo. Kwa hiyo duka la steshenari lenye kompyuta moja na printa inayokwaruza hugeuka, machoni pa Windows, kuwa shirika kubwa lenye idara ya teknolojia. Ili uongo usiishe muda, kraki hujipangia zamu ya kuamka na kujihuisha yenyewe, ikiwa na mamlaka makubwa kuliko ya mwenye mashine. Mamlaka hayo yanatumika kwa lingine lipi? Hilo ni swali la watu wasioshukuru.

Hapa nitoke nje ya mstari kidogo. Kompyuta nyingi za maofisini tunazonunua Kariakoo, zile Dell na HP za mtumba zilizochoshwa huko Ulaya, zilitoka kiwandani zikiwa na ufunguo halali wa Windows ndani ya mazabodi. Ni desturi iliyoanza na Windows 8, mwaka 2012. Mashine iliyozaliwa na Windows 10, ukiipigia toleo safi la aina ileile kutoka kwa Microsoft, hujisomea ufunguo wake na kujihalalisha bila kusumbua mtu. Fundi anaifuta hiyo, anaweka ya kuiba, unalipa elfu kumi. Ni nani mwingine nchini anayeweza kukuuzia haramu badala ya halali uliyokwisha kuilipia, na ukaondoka ukimshukuru?

Tuje kwenye utulivu. Windows ya fundi haijisasishi, na bando halikatiki katikati ya maombi ya mtu. Nakumbuka Mei 2017, kirusi WannaCry kilipofunga mafaili ya kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ya tundu kilimopenya Microsoft ilishaitoa Machi mwaka huohuo. Waliosasisha walikosa tukio la kihistoria. Sisi hatukosi.

Na bila virusi, Kibaha na Kisarawe zingebaki na uhusiano wa kiutawala tu. Zote ni wilaya za Pwani, lakini abiria wengi wa Kisarawe wakiwa na shughuli makao makuu ya mkoa hushuka Gongo la Mboto, wavuke jiji, ndipo waitafute Kibaha. Kirusi hakina shida hiyo. Kinapanda kwenye flashi ya mwalimu yenye mtihani wa majaribio, kinageuza mafolda yote kuwa njia za mkato, kinafika Kibaha kabla ya posho. Fundi anakiona, anatabasamu, anaweka kinga ya virusi iitwayo Smadav, na mwalimu anaondoka akiwa na flashi safi, tayari kwenda kuambukizwa tena.

Wakati wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ndipo fadhila zake zinapoonekana kwa karibu. Angalia kioo cha kompyuta ya steshenari yoyote. CV MPYA. CV MPYA 2. CV MPYA YA MWISHO KABISA. Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA. Kitambulisho cha mdhamini, mbele na nyuma. Fomu yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Na faili moja dogo linaloitwa PASSWORD AJIRA, lisije likapotea. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayomtaka kila anayekusanya taarifa za mtu azilinde. Kioo hiki kinatii kwa namna yake: taarifa zinalindwa na kila anayepita.

Wapo wanaonong'ona habari za mfumo mwingine, Linux. Ni ya bure, ni halali, na watengenezaji wake wengi huchapisha alama ndefu ya tarakimu na herufi ili ulinganishe na ulichopakua, ujue kama kimeguswa njiani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki hata kutafsiri programu huria kwa Kiswahili, na mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice. Lakini kitu cha bure kisichotaka Defender izimwe, nani atakiamini?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida kwa Windows 10, na maofisa wa teknolojia duniani wakashika vichwa. Maili Moja haikutikisika. Mfumo ambao haukuwahi kupokea sasisho hata moja unapungukiwa nini ukiambiwa hautapata tena? Fundi ameshaipata ya 11, iliyopunguzwa, isiyouliza kama mashine yako ina ile chipu ya usalama. Bei ni ileile, Ofisi imo, na Defender kaing'oa mwenyewe kabisa kukuondolea usumbufu.