Baraza Ndani ya Mkoba

Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Rais William Ruto alizindua ugavi wa mikoba ya kazi kwa wahudumu wa afya ya jamii 100,000, wale ambao siku hizi kila kijiji kinawaita CHP. Mkobani mlikuwa na mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, mizani na tepu ya kupimia mkono wa mtoto. Pamoja na mkoba ikaja simu yenye programu ya eCHIS, iliyokusudiwa kuyastaafisha madaftari. Wakizungumziwa wahudumu wa kaunti za Kitui na Makueni, watu hutaja mtandao, chaji na posho, na wana haki ya kuyataja. Lakini lipo swali lisiloingia katika ajenda: mhudumu akiwasha simu, macho yake yanakutana na nini kwanza, na ni nani aliyeamua iwe hivyo? Makala haya yanadai kwamba kujifunza programu ya kazini ni kujifunza mpangilio wa kazi yenyewe, na kwamba mpangilio huo hauwezi kuachiwa simu. Kwa kuwa wanadamu wamelikwepa swali, tuwape nafasi vyombo. Tuko upande wa Ikutha, Kitui, usiku. Mkoba umetundikwa msumarini na mwenyewe amelala.

SIMU: Mzee Daftari, pole kwa vumbi. Nilidhani ulishawashiwa jiko. Wewe, MoH 513, ulijazwa kaya kwa kaya kila miezi sita. Ndugu yako 514 akabeba ziara za kila siku, kisha msimamizi, yule CHA, akakaa mwisho wa mwezi kujumlisha kwa kalamu mpaka 515 ijae. Yote hayo nayabeba peke yangu. Mhudumu akisajili mja mzito leo, mimi ndimi ninayempangia tarehe za kurudi kumwona. Akiwa pasipo mtandao, nahifadhi. Akifika penye mtandao, natuma. Sasa niambie, mbona mwenye mkoba akiniwasha anazungukazunguka kwenye kurasa mpaka mwanga unazimika? Hitilafu si yangu. Ni ya vidole vyake.

DAFTARI: Vidole hivyohivyo, mwanangu, vilinijaza miaka nenda miaka rudi bila kupotea. Usidhani nilikushinda akili. Akili sikuwa nayo hata chembe. Nilichokuwa nacho ni kwamba mambo yangu hayakuhama. Jina la mwenye kaya likikaa katika safu fulani mwezi wa Machi, hata Desemba utalikuta papo hapo. Wewe jana asubuhi programu ya kazi ilikuwa kando ya tochi. Jioni mjukuu akakuchukua acheze mbio za magari, na leo programu hiyohiyo imehamia ukurasa wa tatu, chini ya kamera, na gari la mjukuu limekalia kiti cha mbele. Mhudumu akitafuta, anaitwa mshamba. Mtu akiuhamisha mlango wa nyumba yako usiku, asubuhi ukagonga ukuta, mshamba ni wewe?

MIZANI: Hapo amepima.

TEPU: Nyote wawili mnachanganya nyuso mbili. Uso wa kwanza ni wa simu yenyewe, wenye M-Pesa, WhatsApp, tochi, kamera, na eCHIS katikati ya msongamano huo. Huo ni mali ya mwenye simu. Anaibonyeza alama ya programu, anaishikilia kidogo, anaiburuta hadi anapotaka ikae. Uso wa pili uko ndani ya programu: orodha ya kazi, orodha ya kaya na watu wake, ripoti, malengo. Huo umechorwa na wengine na mhudumu hawezi kuusogeza hata kwa upana wa ukucha. Mkufunzi akizifundisha nyuso zote mbili kwa pumzi moja, akisema “bonyeza pale”, pale pa simu hii si pale pa simu ile, na nusu ya darasa inabaki nyuma kabla somo halijaanza. Dawa yake ni ndogo. Kabla ya jambo lolote, safu ya chini ya simu zote ifanane: kupiga, ujumbe, eCHIS, M-Pesa. Kwingineko kila mtu apange atakavyo, na gari la mjukuu lipewe ukurasa wa mwisho, lisinyimwe riziki.

SIMU: Dada Tepu, unasema hivyo kwa sababu huna skrini. Wahudumu wengi ni watu wazima. Wengine wana wajukuu, kama mlivyojionea wenyewe. Hata uwapangie safu ya dhahabu, mambo ya kurasa ni ya vijana.

DAFTARI: Kisingizio cha umri kilizikwa Machi 2007, Safaricom ilipozindua M-Pesa. Nenda soko la mifugo la Emali umtazame bibi aliyeuza mbuzi. Menyu yake haina picha wala rangi, lakini anatuma karo bila kumwuliza mtu. Anachokikumbuka ni mwendo wa jambo: natuma pesa, kwa nani, kiasi gani, namba ya siri. Menyu hiyo inafuata swali ambalo angeliulizwa hata na mtu wa kumtuma kwa miguu. Basi umri hauzuii kujifunza. Kinachozuia ni kufundishwa majina ya alama badala ya mwendo wa jambo.

SIMU: Nikubali nusu. Pesa hufundisha upesi kwa sababu ni zake, na akikosea anaumia yeye. Takwimu ni za kaunti. Nani atajisumbua kukariri njia ya kumnufaisha mwingine?

TEPU: Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu somo lianze na faida yake yeye. Mhudumu ana takriban kaya 100, na kila asubuhi anahitaji jibu moja: leo nianzie wapi? Mfundishe kwamba programu ina milango miwili. Programu ikimwita, aingie kwa orodha ya kazi: anamgusa mama aliyetakiwa kuonwa leo, na fomu inafunguka ikiwa tayari na jina lake. Kaya ikimwita, yaani jirani amekuja mbio kwamba mtoto ana homa, aingie kwa orodha ya watu: kaya, kisha mtoto, kisha fomu ya kumpima. Akishajua ni nani aliyemwita, hababaiki tena ukurasa upi ni upi. Ripoti na malengo si milango ya asubuhi. Hayo ni ya jioni, viatu vikishavuliwa.

SIMU: Kama ni asubuhi, mimi nimeshampangia kwa tarehe. Kilicho karibu kuchelewa kinatangulia. Kuna haki gani kubwa kuliko kalenda?

DAFTARI: Kalenda haijawahi kutembea. Kitui ina watu zaidi ya milioni 1.1 kwa hesabu ya 2019, waliotawanyika katika zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Makueni, iliyo jirani, ina watu wasiofika milioni moja katika kilomita za mraba kama 8,000. Maana yake ni kwamba kwa kila kilomita ya mraba, Makueni ina watu zaidi ya mara tatu ya Kitui. Orodha yenye kazi sita kwenye miteremko ya Mbooni, Makueni, ni matembezi kabla ya chai ya saa nne. Orodha hiyohiyo huko Mutha, Kitui, inaweza kumla mtu siku nzima. Skrini zinafanana, lakini nchi hazifanani. Mhudumu akifuata tarehe bila kutazama njia, ataenda mashariki kumwona mmoja, arudi magharibi, kisha agundue kwamba kaya ya tatu ilikuwa jirani ya ile ya kwanza. Ndiyo maana asome orodha yote kabla ya kufunga mlango wa nyumba, achague kaya zilizo upande mmoja, halafu ndipo atoke.

SIMU: Mkimpa uhuru wa kuchagua, atakwepa mlima. Yule mzee mkali wa presha anayefukuza wageni kwa mbwa hataonwa hadi mwaka ukatike.

TEPU: Hatari hiyo ipo, lakini haikuletwa na uhuru wa kupanga. Hata Daftari angeweza kujazwa chini ya mwembe bila mbwa yeyote kubweka.

DAFTARI: Nimeona mengi. Sitasema.

TEPU: Kinachozuia ukwepaji ni kwamba tarehe inabaki imeandikwa, na kwamba yupo CHA wa kuuliza mbona mzee hajaonwa. Tena aulize hivyo: mbona hajaonwa, asiulize mbona kazi ya tatu imefanywa kabla ya kazi ya pili. Swali la kwanza linamlinda mgonjwa. La pili linailinda orodha, na orodha haiugui.

SIMU: Kuhusu malengo siwezi kunyamaza. Kaunti inahitaji takwimu, na wizara inazihitaji. Bila takwimu, dawa hununuliwa kwa kubahatisha. Kwa nini mhudumu asiamke akitazama malengo yake?

TEPU: Tazama mimi. Nazungushwa kwenye mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: apelekwe kituoni bila kungoja. Kuanzia hapo mpaka kabla ya 12.5 ni njano: apewe rufaa ya lishe na afuatiliwe. Kuanzia 12.5 ni kijani: mzazi apewe ushauri na moyo. Vipimo vya mikono ya watoto huingia pia katika taarifa za kila mwezi za mamlaka ya ukame, NDMA, kwa hiyo hakuna wa kuniambia kwamba siijui thamani ya takwimu. Lakini takwimu ile ilizaliwa baada ya mtoto kupimwa, na rangi ilimwambia mhudumu afanye nini papo hapo. Kwako nyekundu ni betri inayokwisha, ni simu isiyopokelewa, ni kazi iliyochelewa. Mtu akiona nyekundu ya kila kitu, mwisho haioni hata moja. Ukurasa wa malengo humwambia amefanya kiasi gani. Haumwambii nani anamngoja. Akiuanzia asubuhi, atakimbilia kaya rahisi zinazopandisha asilimia, na kaunti itapata takwimu nzuri za watoto ambao hawakuwa na shida.

SIMU: Basi mnataka kila kijiji kiwe na programu yake? CHA akipigiwa simu na wahudumu kumi, kila mmoja na uso wake, atawaelekezaje?

DAFTARI: Hakuna aliyesema hivyo. Fomu zibaki moja, maana presha ya Tseikuru na presha ya Wote lazima zilinganishwe. Safu ya chini ibaki moja ili CHA aweze kuelekeza akiwa mbali. Kinachobadilika ni mpango wa siku, ambao ni wa mwenye miguu. Na vikao vya mwezi vipo tayari, havihitaji bajeti mpya. Nusu saa itengwe, kila mhudumu aweke simu mezani na aseme asubuhi hufungua nini kwanza, na kwa nini. Wakisema watatu kwamba wanapotea mahali pamoja, hapo si vidole vilivyokosea. Maneno yao yapelekwe kwa wachoraji wa programu, na sasisho likija kuhamisha vitu, watangaziwe kabla, wasije wakavikuta vimehama siku ya chanjo.

MIZANI: Na maneno hayo yasipopelekwa?

DAFTARI: Yatakupata yaliyonipata mimi. Safu zangu zilichorwa mbali, na mtu aliyezijaza hakuulizwa. Pale ambapo safu haikutosha, mhudumu aliandika ukingoni kwa penseli: nyumba imehama, mama amerudi kwao, mzee hasikii vizuri, paza sauti. Yaliyokuwa ya maana kuliko yote yalikaa ukingoni, na hakuna aliyeyajumlisha. Wewe, mwanangu, huna hata ukingo. Ndiyo sababu nakusihi uulize kabla hujachorwa upya, usije ukarudia kosa langu kwa mwanga mkali zaidi.