Taa Janja, Shikamoo

Taa za kawaida hazina adabu. Ukibonyeza swichi zinawaka papo hapo, hata kukuuliza u nani haziulizi. Taa janja niliyoifunga chooni kwetu, hapa Dar es Salaam, imelelewa: haiwaki mpaka iombe ruhusa, na mtoa ruhusa anakaa ng'ambo.

Safari hiyo tuistahi. Nimesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mkanda wa suruali, mwingine unagusa simu. Amri inakwenda kwenye ruta sebuleni, inafika kwa mtoa huduma wa intaneti, inazama baharini, inaibukia kwenye seva ya waliotengeneza taa, inahakikiwa, kisha inarudi njia yote hiyo hadi kwenye balbu iliyo juu ya utosi wangu. Mwenyewe hata pasipoti sina. Na Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, choo changu kikawa sehemu ya habari za kimataifa. Haja ndogo imepata wapi tena hadhi hiyo?

Fadhila nyingine ni nyingi. Haina makuu: Wi-Fi ya gigahezi 5 haitaki, inatosheka na 2.4. Ina moyo wa toba: ukiizima na kuiwasha harakaharaka mara kadhaa, inasahau yote ya nyuma na kuanza kupepesa ikingoja nenosiri upya. Umeme wetu huifanyia hivyo bila kuombwa, usiku wa manane. Inaunganisha familia pia. Swichi ya ukutani nimeibandika selotepu, mtu asije akaizima. Mama mkwe akija anaibandua, na ndiye pekee anayeoga kwenye mwanga.

Lakini barua pepe yangu ya nini? Namba ya simu ya nini? Programu yake imenidai mpaka ruhusa ya kujua nilipo. Si iko chooni na mimi!

Kijana mmoja fundi akanielekeza Home Assistant, programu ya bure iliyoanza 2013, inayoweza kuendesha vifaa kwa kompyuta iliyomo humo humo nyumbani. Safi kabisa. Ila balbu yangu inaongea kwa mafumbo, na ufunguo wa mafumbo hayo anao mtengenezaji. Taa nimelipia, ufunguo kabaki nao! Hawa hawauzi, wanakodisha. Waliokuwa na Revolv, kisanduku cha kuendeshea vifaa vya nyumbani kilichouzwa dola 299, wanajua: mwaka 2016 kampuni ya Nest, iliyokuwa imewanunua waliokitengeneza, ilizima seva, wakabaki na plastiki mezani.

Sasa ili nipewe ufunguo, sharti nijisajili kama mtengeneza programu. Fomu inataka jina la kampuni na idadi ya wafanyakazi. Kampuni nimeiita Msalani. Mfanyakazi ni mmoja, na hafanyi kazi.